Viko vya kuchonga kwa mkono: bori linapasuka, moshi unagugumia, na bei haieleweki

Karakana_Ngaramtoni

Wakuu, heshima kwenu.

Karakana yetu ipo Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha. Kazi ya siku zote ni mpingo na mzeituni: vinyago, miiko, mabakuli. Mwaka huu tumeongeza viko vya tumbaku, na sasa kuna duka la nje linataka mzigo wa majaribio wa viko 12. Umbo halitusumbui hata kidogo. Kinachosumbua ni kiko kuvutika inavyotakiwa na kudumu.

Vipimo tunavyotumia kwa sasa: bori (kikombe cha kutilia tumbaku) lina upana wa mm 22 na kina cha mm 48, ukuta mm 5 hivi, njia ya moshi mm 6. Tunachonga umbo kwanza, halafu tunatoboa kwa drili ya mkono kiko kikiwa kimebanwa kwenye jiliwa. Digali, yaani mrija unaotoka shingoni hadi mdomoni mwa mvutaji, tunalitengeneza kwa mpingo huohuo.

Dalili ni hizi. Viko vya mpingo vinapata ufa mwembamba unaoanzia ukingo wa juu wa bori na kushuka chini, wakati mwingine kiko kimewashwa mara tatu nne tu. Vya mzeituni havipasuki sana, ila vinagugumia na maji machungu yanafika mdomoni. Viwili vimeungua kwa chini hadi doa jeusi likatokeza nje. Digali nalo linalegea baada ya wiki mbili.

Kuhusu bei, tulifikiria Sh 60,000 kwa kimoja, duka liuze mara mbili ya hapo. Je, inalipa? Na mpingo una vikwazo gani kuvuka mpaka? Mwenye ujuzi atuelekeze, kwa vipimo kama inawezekana.

Keekee_4mm

Mkuu, kabla ya mbao na bei, geuzeni mpangilio wa kazi: kutoboa kunatangulia, umbo linafuata. Kiko kikishachongwa hakina tena uso ulionyooka wa kubana wala wa kupimia, kwa hiyo tundu linaishia popote litakapo. Nusu ya dalili ulizotaja chanzo chake ni hicho.

Anzeni na kipande cha mraba, tuseme urefu mm 80, kimo mm 55 na unene mm 42, pembe zote zikiwa zimenyooka. Ubavuni chora kwa penseli mstari wa wima unaopita katikati ya bori, na mwingine wa njia ya moshi. Mistari hiyo ikutane pale ambapo katikati ya sakafu ya bori itakuwa, si juu yake wala chini yake. Mchoro huo ndio kiko chenyewe. Kinachobaki nje yake ni kuondoa mbao.

Tumieni drili ya mezani au mashine ya kukereza, si ya mkono. Anza upande wa shingo: toboa tundu la ulimi (ncha ya digali inayoingia shingoni), mm 8, kina mm 18, kwa biti inayoacha sakafu bapa. Kipande kikiwa bado kimebanwa vilevile, badilisha biti, weka ya mm 4 ndefu, endelea hadi alama ya penseli. Biti ya mm 4 hupenda kufuata nyuzi za mbao na kupinda, kwa hiyo itoe kila baada ya mm 5 ili vumbi litoke, wala usiisukume kwa nguvu. Ukimaliza hapo ndipo unageuza kipande na kutoboa bori kutoka juu.

Biti ya bori tengenezeni wenyewe. Chukua biti bapa ya mm 20, isage kwenye jiwe la kunolea hadi ncha yake iwe ya mviringo, na ule mwiba wa katikati uuondoe kabisa. Mwiba ukibaki unachimba kishimo kwenye sakafu ya bori, na hapo ndipo moto unapolala na kuunguza. Mzunguko uwe wa chini, 300 hadi 500 kwa dakika. Ikianza kutoa moshi, ama biti ni butu ama unaikimbiza.

Upana wa mm 19 hadi 21 na kina cha mm 38 hadi 42 vinatosha kwa kiko cha kawaida. Ukuta usipungue mm 8 pale unapoanzia, na sakafu ibaki mm 9 au 10. Ukuta wa mm 5 kwenye bori la mm 22 ni mwembamba mno: joto linafika nje upesi, mkono unaungua, na ndani kunapanuka wakati nje bado kumetulia. Hapo ufa hauna budi.

Vile viwili vilivyoungua chini, vipasueni katikati kwa msumeno muone. Mtakuta tundu la mm 6 limeingia chini ya sakafu na kulima mfereji, mbao iliyobaki hapo ni mm 3 au 4. Kosa la upande wa pili, tundu kuingia juu mno ukutani, halichomi kiko, ila huacha tumbaku mbichi yenye maji chini kila kinapovutwa. Nalo mnunuzi aliyezoea viko analigundua siku ya kwanza.

Sasa kugugumia. Moshi wa tumbaku una mvuke mwingi. Popote njia inapopanuka ghafla au kubana ghafla, moshi unapunguza mwendo, unapoa na kuacha maji. Sehemu mbaya kuliko zote ni kati ya mwisho wa ulimi na sakafu ya tundu lake. Tundu likiwa na kina cha mm 18 na ulimi una mm 14, mmetengeneza chumba cha maji cha mm 4. Ulimi uwe mfupi kuliko tundu kwa mm 0.3 hadi 0.5 tu, nafasi ya kuuruhusu upanuke bila kulisukuma digali nje. Pia njia ya ndani ya ulimi iwe na upana uleule wa mm 4 na ikae mkabala na ile ya shingo.

Jaribio la mwisho: waya wa kusafishia wenye nyuzi upite kutoka mdomoni hadi ndani ya bori bila kukwama na bila kulitoa digali. Ukikwama, kiko hicho hakijawa tayari kuuzwa, hata kama nje kinang'aa.

MbaoNaNyuzi

Keekee kamaliza mambo ya kutoboa. Mimi niseme ya mbao, maana hapa Afrika Mashariki watu wengi wanadhani mpingo ukifaa zumari basi unafaa kila kitu.

Mpingo ni mzito, unazama majini, na vinyweleo vyake vimejaa mafuta. Kwa kiko hizo ni sifa mbili mbaya. Hauli unyevu, kwa hiyo maji yote ya moshi yanabaki ndani ya bori. Na uzito: kiko ambacho kwa braya (mbao ya mzizi ya viko vya Ulaya, nitaieleza chini) kingekuwa gramu 45, kwa mpingo kitakaribia gramu 65 kwa umbo lilelile. Wavutaji wengi hushika kiko kwa meno, na kikizidi gramu 60 taya linachoka. Viko vizuri vya mpingo vipo, ila vinahitaji mbao iliyokauka hasa na umbo dogo.

Nyufa zenu ninazilaumu kwenye mambo mawili zaidi ya ukuta mwembamba. La kwanza ni kiini, yaani ule uti mwembamba wa katikati kabisa ya gogo. Miti ya mpingo ni myembamba na mingi imejipinda, kwa hiyo mafundi huchonga kipande ambacho kiini cha mti kimo ndani. Kiini kikibaki ndani ya bori, kitapasuka, ni suala la muda tu. Pasueni gogo robo robo, kiini kitupwe. Ule ubao mweupe wa nje nao ondoeni, kwa sababu hausinyai sawa na mweusi.

La pili ni ukavu. Mpingo wa unene wa mm 50 unakauka polepole sana, miaka, si miezi. Mkiukata, pakeni nta kwenye vichwa vyote viwili siku hiyohiyo ili maji yatoke ubavuni. Hamhitaji kipimo cha unyevu: andikeni uzito wa kila kipande juu yake, pimeni kila wiki kwenye mizani ya jikoni, na uzito usipobadilika kwa wiki nne mfululizo, kipande kimetulia na hewa ya hapo. Kisha toboeni bori kwa mm 16 tu, muache kipande kivulini miezi miwili mingine, ndipo mmalizie mm 20. Vitakavyopasuka vitapasuka rafuni kabla hamjapoteza saa nane za kazi.

Barakoa ni lazima. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kubana kifua, na mtu akishaanza kudhurika, kila akiligusa tena hali inazidi.

Mzeituni mwitu, ule Wamaasai wanaouita oloirien, ndio ningeufanya mbao kuu ya karakana yenu. Unastahimili joto, una michirizi inayopendeza, na mvutaji huanza na ladha tamu kidogo ambayo huisha baada ya wiki chache. Nao hupasuka ukikaushwa kwa haraka, kwa hiyo utaratibu wa nta na mizani ni uleule. Nunueni kwa muuzaji mwenye stakabadhi za mazao ya misitu.

Mbao za kutogusa: mkorosho na mwembe, jamii moja yenye utomvu unaowasha, oleanda ya uani, ina sumu, na mbao yoyote ya ujenzi iliyotiwa dawa ya rangi ya kijani, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuwa na aseniki. Mninga ni mzuri kwa samani, ila kwenye bori maji mekundu yake hayafai.

Kuhusu braya yenyewe, yaani nundu la mzizi wa Erica arborea. Hii ndiyo mbao ambayo wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanaichukulia kuwa ya kiko hasa. Inachimbwa Italia, Ugiriki, Hispania, Algeria na Corsica, inachemshwa kwa saa nyingi kutoa utomvu, kisha inakaushwa kwa miezi hadi miaka kabla ya kuuzwa kwa vipande. Mmea huohuo unaota kwenye ukanda wa juu wa Kilimanjaro na Meru, na msishawishike: huko ni ndani ya hifadhi za taifa na kuchimba mzizi ni kosa la jinai. Mkiitaka, agizeni vipande vitano sita kwa posta. Jueni tu kwamba braya huficha vishimo vya mchanga ambavyo havionekani hadi tupa ifike hapo, kwa hiyo kipande cha bei kali kinaweza kuishia kuwa cha bei ya chini. Fundi hukiokoa kwa kukikwaruza uso mzima kiwe na mparuzo wa makusudi, na mparuzo uliotulia una wapenzi wake.

Karakana_Ngaramtoni

Wakuu wangu, hii ni shule. Tumepasua kimoja kilichoungua, ni kama Keekee alivyosema, mfereji mtupu chini ya sakafu.

Swali la nyongeza: mteja mmoja ametaja jiwe jeupe la upande wa Longido. Na kuna mtu anatushawishi tutumie jiwe la Kisii kwa sababu ni rahisi kulichonga. Halafu magunzi ya mahindi, yapo bure kila mahali. Mnasemaje?

Sinya_Mweupe

Jiwe la Longido ni sepioliti, wafanyabiashara wanaliita mirishamu. Machimbo yapo Sinya, karibu na Amboseli, mpakani na Kenya. Si jambo jipya hapo kwenu: Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitengeneza viko vya jiwe hilo vikauzwa nje kwa chapa ya Kiko, na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani bado wanavibadilishana. Kwa hiyo mnunuzi akisikia mirishamu ya Tanzania, kuna anayejua unazungumzia nini. Ile inayosifika zaidi duniani ni ya Eskişehir, Uturuki, nyeupe na nyepesi. Ya kwetu kwa kawaida ni nzito kidogo na rangi yake inaelekea kijivu, jambo ambalo halipunguzi uvutaji.

Kulifanyia kazi: liloweke majini nusu saa, litakatika kwa kisu kama sabuni. Toboa likiwa na unyevu, kwa mkono, bila haraka. Likaushe kivulini siku kadhaa. Ukilianika juani linapasuka. Piga msasa namba 320 hadi 800, kisha chovya kwenye nta ya nyuki iliyoyeyuka, acha linywe, futa. Nta hiyo ndiyo huleta ile rangi ya dhahabu kadiri kiko kinavyovutwa. Ulimi wa kubana kwa nguvu usiutumie, shingo itavunjika. Weka kiungo cha plastiki cha kusukuma, upande mmoja umefungwa kwa hesi ndani ya jiwe. Vaa barakoa hapa pia, vumbi lake ni la nyuzinyuzi.

Jiwe la Kisii ni tofauti kabisa. Ni zito, linashika joto, na kiko chake kinaunguza vidole kabla tumbaku haijafika nusu. Litumieni kwa sahani ya kuwekea kiko. Na tafadhali, msiliuze kwa jina la mirishamu. Wapo wanaofanya hivyo sokoni na wanaiharibia Arusha jina.

Magunzi: kampuni ya Missouri Meerschaum ya mji wa Washington, jimbo la Missouri, imekuwa ikitengeneza viko vya magunzi tangu 1869, na mwanzilishi wake Henry Tibbe alipata hataza mwaka 1878 ya kupaka plasta nje ya gunzi ili liwe gumu na laini. Wanatumia mbegu ya mahindi iliyochaguliwa kwa unene wa gunzi, na magunzi yanakaa hadi miaka miwili yakikauka. Gunzi la mbegu zetu za kawaida ni jembamba na lina sponji nyingi katikati. Mnaweza kujaribu, ila kiko cha gunzi ni cha bei ya chini duniani kote. Kwa karakana ya watu watatu hesabu haitoki.

DigaliSafi

Sijaona aliyegusa digali, na hapo ndipo mteja anapoweka mdomo.

Mbao haifai. Inalowa mate, inavimba, inakauka, inasinyaa, ndiyo maana lenu linalegea. Chaguo ni mbili. Ebonaiti, yaani mpira uliogandishwa kwa salfa, ni laini kwa meno na rahisi kwa tupa, ila juani hugeuka kijanikahawia. Akriliki haibadiliki rangi, lakini ni ngumu kwa meno na hupasuka ukiitoboa kwa kasi. Kwa mzigo wa kwanza chukueni fito za ebonaiti za Ujerumani zenye kipenyo cha mm 16 au 18. Fito ya nusu mita hutoa madigali sita hivi.

Ulimi usiuchonge kutoka kwenye ebonaiti hiyohiyo mkiwa wageni wa kazi, unavunjika. Nunueni fito ya Delrin (plastiki ngumu inayoteleza) ya mm 8, itoboeni katikati kwa mm 4. Toboeni digali mm 8 kwa kina cha mm 12, kwaruzeni Delrin kwa msasa namba 80 (gundi haiipendi ikiwa laini), gundisheni kwa epoksi, acheni saa 24.

Njia ya ndani ya digali ina hesabu ambayo wengi hawaipigi. Tundu la mm 4 lina eneo la mm za mraba 12.6. Mkienda hadi mdomoni kwa biti ya mm 2, eneo ni 3.1 tu: robo ya kilichoanza. Mvutaji analazimika kunyonya, moto unakuwa mkali, maji yanajaa. Kwa hiyo toboeni mm 4 hadi zibaki mm 25 kufika mwisho, mmalizie kwa mm 2, halafu kutoka upande wa mdomo fungueni mpasuo wa umbo la V kwa tupa za sindano na msumeno mwembamba wa sonara: upana mm 12 mdomoni, kimo mm 1.2 hivi, ukipungua upana kuelekea ndani hadi unapokutana na njia pana. Mm 12 mara 1.2 ni 14.4, moshi unapita bila kubanwa. Ni kazi ya saa nzima na haina njia ya mkato.

Unene pale meno yanapouma uwe mm 4, usizidi 4.3. Hapo ndipo mnunuzi mzoefu anapotia kalipa (kifaa cha kupimia unene) kwanza.

Mkitaka kukunja, ingizeni waya wa kusafishia ndani ya njia, pasheni ebonaiti taratibu kwa hewa moto huku mkiizungusha, kunjeni juu ya kipande cha mti cha mviringo, zamisheni kwenye maji baridi. Bila waya njia itajibana. Ikianza kunuka salfa sana, joto limezidi.

Kiungo cha shingo na digali kipigwe msasa vikiwa vimeungana. Ukipiga kimojakimoja kingo zinakuwa duara na mstari wa kiungo unaonekana. Shika kiko mbele ya taa: mwanga usipite hapo.

Mng'aro: msasa 220, 320, 400, 600, bila kuruka namba. Kila mkibadilisha, futeni kwa kitambaa chenye unyevu ili mikwaruzo ijitokeze. Nta ya nyuki peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na bori likipata moto inakuwa utelezi mkononi. Nta ya kanauba huyeyuka kwenye 82 hadi 86, ndiyo ya kumalizia, kwa gurudumu la kitambaa. Vanishi ya samani marufuku: inachemka, inatoa malengelenge, inanuka. Rangi ikipakwa iwe ya spiriti, nje tu, isiingie bori.

Kwa kulinda bori changa, mafundi wengi hupaka ndani mchanganyiko wa mtindi na unga laini wa mkaa amilifu, uzito wa rangi ya ukutani, tabaka moja, kisha siku mbili za kukauka. Unazuia moto wa kwanza kushika mbao. Wapo wanunuzi wasioutaka kwa sababu unaficha ndani ya bori, kwa hiyo andikeni wazi kuwa umepakwa. Na mwelezeni mteja: tabaka la masizi ndani lisizidi mm 1.5. Likizidi linapanuka kuliko mbao na kulipasua bori.

Hesabu_ya_Mzigo

Sasa pesa. Chukueni mfano huu mbadilishe namba zenu. Mbao ya mzeituni iliyokaushwa 15,000. Ebonaiti 14,000. Delrin, gundi, msasa na nta 6,000. Saa nane za fundi kwa 5,000, jumla 40,000. Hapo mko 75,000 kabla ya kufunga. Katika kila vitano kimoja kikiharibika, vinne vilivyobaki vinakibeba: 75,000 mara tano gawa kwa nne ni 93,750. Ongeza mfuko na sanduku 5,000. Gharama ni 98,750, na bado hamjala faida. Kwa bei ya 60,000 mnamlipa mnunuzi avute.

Bei ya jumla isishuke 130,000. Duka likizidisha mara mbili linauza 260,000, takriban dola 100, na kwa kiko cha mkono cha fundi asiyejulikana hiyo ni bei inayouzika, mradi ndani kumetobolewa kama walivyoeleza hapo juu. Kikiwa kimepinda njia, hata dola 30 ni nyingi. Mtalii wa Arusha mjini hatakupa 130,000, yeye anatafuta kumbukumbu. Wauzieni wavutaji.

Kataeni mali kauli. Duka linunue vyote kwa pesa taslimu, au nusu kabla na nusu mzigo ukifika. Viko 12 kwa mali kauli ni zaidi ya milioni ya mtaji wenu ikikaa kwenye kabati la mtu mwingine.

Matangazo ya kulipia Facebook na Instagram msahau. Sheria zao zinakataza kutangaza tumbaku na vifaa vyake, na akaunti inaweza kufungwa. Picha za kawaida za kazi ndizo zitakazowabeba: mbavu zote mbili, juu, chini, mdomo wa digali kwa karibu, na moja ikionyesha waya umepita hadi ndani ya bori. Andikeni urefu, kimo, upana wa bori, kina, unene wa digali na uzito kwa gramu. Mvutaji hanunui bila namba hizo. Msiandike popote kwamba kiko ni salama kuliko sigara, si kweli. Tanzania ina sheria ya bidhaa za tumbaku ya 2003 na Kenya ya 2007, na zote hazitaki mtoto wa chini ya miaka 18 auziwe tumbaku. Wekeni sharti hilohilo kwenye viko.

Kusafirisha: namba ya forodha ni 9614. Andikeni "kiko cha mbao, kipya, hakina tumbaku" kwa lugha ya nchi inayopokea au Kiingereza, pamoja na thamani halisi. Msiandike zawadi. Marekani iliondoa msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 tarehe 29 Agosti 2025, na Umoja wa Ulaya unatoza kodi ya ongezeko la thamani kwa kila kifurushi tangu 1 Julai 2021. Mwambieni mnunuzi mapema nani analipa, vinginevyo mzigo unarudi.

Mpingo ni Dalbergia, na jenasi yote imo kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) tangu Januari 2017. Tangu Novemba 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa shehena zimesamehewa kibali cha CITES. Vipande ghafi havimo kwenye msamaha huo. Kibali cha mazao ya misitu cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ni jambo lingine, kipitieni ofisini kwao kabla ya kufunga sanduku.

Karakana_Ngaramtoni

Tumeelewa. Mzigo wa 12 tutaomba duka lisubiri, tuanze na vinne vya mzeituni kwa vipimo vipya. Vipo viko tisa vya mpingo vilivyokwisha kuchongwa, vingine vina ufa mdogo. Vinaweza kuokolewa?

Keekee_4mm

Vyenye ufa msiviuze kama viko, na msivizibe kwa supaglu. Gundi hiyo ikipata moto inatoa mvuke unaochoma macho na koo, na mvutaji ndiye atakayeuvuta. Vikateni. Shingo ya mpingo iliyokauka inatoa pete nzuri za mm 5 za kuwekwa kati ya shingo ya mzeituni na digali, na pete hiyo peke yake inapandisha sura ya kiko. Vipande vya bori kerezeni viwe vishindilio vya tumbaku, kipenyo mm 15 ili viingie bori la mm 20, urefu mm 70. Wekeni kimoja ndani ya kila sanduku.

Visivyo na ufa, pimeni ukuta kwa kalipa. Kama una mm 7 au zaidi na waya unapita, badilisheni digali, vikae rafuni miezi mitatu, mvikague tena kwa lenzi kwenye ukingo wa juu. Vyenye mm 5 vyote vikateni.